Makonyo

Mwezi wa kwanza wa uhariri wangu
sikulala vyema hata usiku mmoja.
Mchana nakaa kwenye mizani, Wete,
naandika kilo za karafuu za watu;
usiku nafungua kamusi elezo
kuchungulia ukurasa wa Kichanjaani, kijiji cha mama,
mistari kumi na mitatu niliyoiandika mwenyewe,
kama anayechungulia mtoto ndani ya chandarua.

Usiku wa tisa nikaukuta umevuliwa nguo.
Pahala pa kisima, pahala pa skuli,
pahala pa jina la sheha wa kwanza,
mtu kaandika: WATU WA HUKU WACHAWI WOTE,
kisha kicheko, hahahaha, mstari mzima,
na nambari ya simu ya mtu asiyehusika.

Mikono ikanitetemeka. Nikamjibu
kwa maneno ambayo mama hajui kuwa nayajua.
Akajibu. Nikajibu.
Hadi saa nane ukurasa una matusi ya watu wawili
na kisima bado hakijarudi.

Ndipo akabisha hodi mmoja, ajiitaye Kumbikumbi.
Sijui ni mume au mke, sijui anaishi wapi.
"Mwenzangu, huyo hautaki ukurasa, anakutaka wewe.
Fungua historia. Tazama saa. Tengua.
Sababu, maneno mawili yatosha.
Kisha kalale."

Nikatengua.
Kisima kikarudi na maji yake.

Toka hapo nikajifunza kuzisoma nyayo.
Yule aliyewapandisha wakaazi mia nne
wakawa milioni nne kwa kubandika sifuri.
Yule aliyemtawaza rafiki yake, Haji Pandu,
sultani wa Micheweni, mpaka nilipompindua
kwa kidole kimoja, nikinywa chai.
Hao wanapiga kelele, hao hawanipi tabu.
Namwogopa aliyeng'oa herufi mbili tu,
"si",
uwongo ukaketi pahala pake
umekunja miguu, unasalimia wageni.

Nikawa mwepesi.
Mwepesi mno.

Mama alinifundisha kuchambua karafuu ningali mdogo,
jamvini, konyo huku, karafuu huku:
"Polepole. Vidole vyenye haraka
hutupa cha kuuza pamoja na cha kutupa."
Nilidhani anasema habari za karafuu.

Akaja asiye na jina, akafuta mstari:
Kisima kilichimbwa na Mzee Shaame Bakari.
Nikarudisha. Akafuta.
Nikarudisha. Akafuta.
Nikamwandikia onyo: Acha uharibifu.
Siku mbili kimya. Kisha, bila nukta wala mkato:
samahani mimi sijui kuandika humu
ila kisima kachimba bibi yangu Time Kombo
kwa jembe la kuazima
huyo Shaame alikuja kukifungua tu

Nikampigia mama. Alinyamaza
mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Time, ndiyo. Kwani ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu.
Jina la Shaame nililisikia harusini.

Nikalitoa. La Time sikuliweka:
ushahidi wangu wote ni mdomo wa mama,
na kamusi haimjui mama.
Sasa pameandikwa: Kijiji kina kisima.
Maneno matatu. Nayaona haya.

Nikamwomba radhi asiye na jina. Hajajibu.

Makonyo nayo hayamwagwi, yana mnunuzi wake,
yanatiwa guniani, yanapimwa.
Na historia ya ukurasa ndivyo ilivyo:
wachawi wamo, sultani Haji Pandu yumo,
na matusi yangu ya saa nane yamo,
kwa tarehe, kwa dakika, kwa jina langu, Mize.
Atakaye ayasome.

Ijumaa nakwenda Kichanjaani.
Mama anasema kwenye saruji ya kisima,
chini ya ukoga, upande wa kusimamia wanawake,
mtu aliandika kitu kwa kidole kabla haijakauka.
Hakumbuki nini. Hakujua kusoma siku zile.

Nimenunua brashi.